Mkate wa Tini na Kidonge cha Kila Siku

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 20, tunasoma habari za mfalme Hezekia aliyeugua hata akakaribia kufa. Aliuelekeza uso wake ukutani, akaomba huku akilia, na Mungu akamjibu kwa kinywa cha nabii Isaya kwamba atapona na kuongezewa miaka 15. Sehemu hiyo tunaikumbuka na kuihubiri. Tunayoisahau ni ile inayofuata: nabii yuleyule aliyeleta ahadi ya kuponywa aliagiza uletwe mkate wa tini, nao ukawekwa juu ya jipu. Sala ilikuwa imekwisha kujibiwa, na bado dawa ikatumika. Isaya hakuona kwamba tini zinapunguza utukufu wa Mungu, na hakuna aliyemwambia Hezekia achague moja kati ya ahadi na dawa.

Nimeitanguliza habari hiyo kwa sababu swali la sala na dawa halijatutoka. Wako ndugu zetu ambao, wakiisha kuombewa, huambiwa kwamba kuendelea kumeza dawa ni kukosa imani. Ninataka tulitazame swali hilo kwa njia ya historia ya ugonjwa mmoja tu, aina ya saratani ya damu ambayo wataalamu huiita lukemia sugu ya mieloidi. Ugonjwa huu haumpati kila mtu. Kwa kawaida huonekana kwa mtu mmoja au wawili kati ya watu 100,000 kila mwaka. Hata hivyo, historia yake inatufundisha mengi kuhusu subira, haki kwa maskini na uaminifu wa kila siku.

Damu nyeupe

Mwaka 1845, madaktari wawili waliokuwa mbalimbali, John Hughes Bennett wa Edinburgh na Rudolf Virchow wa Berlin, waliandika kila mmoja habari za wagonjwa waliokufa damu yao ikiwa imebadilika, imejaa chembe nyeupe kupita kiasi. Virchow ndiye aliyeupa ugonjwa huo jina la lukemia, neno lililotokana na Kigiriki, lenye maana ya damu nyeupe.

Leo tunajua kinachotokea. Damu yetu hutengenezwa ndani ya mifupa, katika uboho. Chembe nyeupe ni askari wa mwili: huzaliwa, hufanya kazi, hufa, na nyingine huchukua nafasi zao kwa kipimo. Katika ugonjwa huu kipimo kinapotea. Askari wanaendelea kuzaliwa bila amri ya kusimama, hata wanaijaza damu na kuilemea bandama, ambayo huvimba chini ya mbavu za kushoto. Mgonjwa huchoka, hutokwa na jasho usiku, hukonda, hushiba upesi kwa sababu bandama inalibana tumbo. Dalili hizo zinafanana na za malaria na kifua kikuu, na kwa sababu hiyo katika nchi zetu mtu anaweza kutibiwa muda mrefu kwa ugonjwa asio nao. Wengine husema amerogwa. Kumbe kipimo cha kawaida cha kuhesabu chembe za damu kingeweza kutoa fununu ya kwanza.

Ugonjwa huu huenda polepole kwa miaka kadhaa, kisha hubadilika ghafla na kuwa mkali, na hapo kifo kinakuwa karibu. Kwa zaidi ya miaka 100 tiba ilikuwa ya kupunguza makali tu. Karne ya 19 wagonjwa walipewa maji ya aseniki, ambayo ni sumu. Mwanzoni mwa karne ya 20 bandama zao zilipigwa mionzi. Katika miaka ya 1950 ikaja dawa ya busulfani, kisha haidroksiyurea. Dawa hizo zilishusha idadi ya chembe nyeupe, lakini hazikuuzuia ugonjwa usigeuke. Baadaye zikaja sindano za intaferoni, zilizowasaidia baadhi na kuwafanya wengi wajisikie kama wenye homa kali kila siku, na upandikizaji wa uboho, ulioweza kuponya kabisa lakini ulihitaji mtu wa kutoa uboho unaolingana, fedha nyingi, na mwili wenye nguvu ya kuustahimili. Kwa kawaida mgonjwa aliishi miaka 3 hadi 5 tangu ugonjwa ulipogunduliwa.

Kromosomu ndogo ya Philadelphia

Mwaka 1960, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, watafiti wawili walikuwa wakizichunguza chembe za wagonjwa hawa kwa hadubini. Mmoja alikuwa Peter Nowell wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mwingine David Hungerford, aliyekuwa bado kijana katika masomo yake. Ndani ya kila seli ya mwili kuna nyuzi zinazoitwa kromosomu, ambazo kwa binadamu ni 46, nazo hubeba maagizo yote ya kuujenga na kuuendesha mwili. Nowell aliwahi kuzisuuza seli zake kwa maji ya bomba; zikavimba, na kromosomu zikatawanyika hata zikaweza kuonekana moja moja. Hungerford alipozichunguza za wagonjwa wa lukemia hii, aliona moja ambayo ni fupi kuliko inavyopasa. Ikaitwa kromosomu ya Philadelphia. Ilikuwa mara ya kwanza kasoro ya kromosomu kuhusishwa daima na aina moja ya saratani.

Lakini kipande kilichokosekana kilikwenda wapi? Jibu lilichukua miaka 13. Janet Rowley, daktari wa Chicago na mama wa watoto wanne wa kiume, kwa miaka mingi alifanya kazi siku chache tu za juma ili apate nafasi ya kuwalea. Alichukua picha za kromosomu nyumbani, akazikata kwa mkasi na kuzipanga juu ya meza ya kulia chakula. Wanawe walimtania kwamba mama analipwa kwa kucheza na karatasi. Juu ya meza hiyo aliona ambacho wengine hawakukiona: kipande cha kromosomu ya 22 hakikupotea, bali kilikuwa kimehamia kromosomu ya 9, na kipande cha ile ya 9 kimehamia ya 22. Zilikuwa zimebadilishana. Alitangaza jambo hilo mwaka 1973. Wengi hawakumwamini mara moja, kwa kuwa wakati huo wataalamu walidhani kasoro za kromosomu ni matokeo ya saratani, wala si chanzo chake.

Fikiri vitabu viwili vilivyochanika, na fundi akaviunganisha kimakosa, nusu ya ukurasa wa kimoja ikashonwa na nusu ya ukurasa wa kingine. Mahali pa mshono panazaliwa sentensi ambayo hakuna mwandishi aliyeiandika. Ndivyo ilivyokuwa. Katika miaka ya 1980 watafiti waligundua kwamba jeni ya kromosomu ya 9 iitwayo ABL inaungana na jeni ya kromosomu ya 22 iitwayo BCR, na muungano huo unatengeneza protini isiyotakiwa kuwepo. Kazi yake ni kama bomba la maji lililovunjika koki: linaamuru seli izaliane, na halifungiki. Mwaka 1990 watafiti walionyesha kwa panya kwamba protini hiyo peke yake inatosha kuleta ugonjwa. Sasa adui alijulikana kwa jina na sura.

Tabibu aliyeng'ang'ana

Hapo ndipo anapoingia Brian Druker. Alizaliwa mwaka 1955 katika mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota, akasomea udaktari California, kisha akaenda Boston kujifunza kutibu saratani. Alikuwa amechoka kuwapa wagonjwa dawa zinazoua seli nzuri na mbaya pamoja. Aliuliza swali linaloonekana rahisi: ikiwa bomba moja ndilo lililovunjika, kwa nini tusitengeneze koki ya bomba hilo tu?

Wakati huohuo, katika kampuni ya dawa ya Ciba-Geigy mjini Basel, Uswisi, mtafiti Nicholas Lydon na wenzake, akiwamo mkemia Jürg Zimmermann, walikuwa wakitengeneza kemikali zinazoweza kuziba protini za aina hiyo. Druker na Lydon walifahamiana. Lakini taasisi ambayo Druker alifanyia kazi Boston ilikuwa imefungamana na kampuni nyingine ya dawa, kwa hiyo ushirikiano wao ukakwama. Mwaka 1993 Druker alihama, akaenda Portland katika jimbo la Oregon, kwenye chuo cha tiba ambacho hakikuwa na sifa ya kile alichokiacha. Mara akawasiliana na Lydon, naye akamtumia kemikali chache azijaribu.

Moja kati yake ilifanya jambo la ajabu. Ilipowekwa pamoja na seli za wagonjwa, iliziua karibu zote zenye kromosomu ya Philadelphia, na kuziacha seli nzima ziendelee na maisha yake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996. Dawa hiyo ndiyo leo inayoitwa imatinibu.

Ungedhani milango ilifunguka siku hiyohiyo. Haikuwa hivyo. Mwaka huohuo Ciba-Geigy iliungana na Sandoz, ikazaliwa kampuni ya Novartis, na katika mabadiliko hayo kazi nyingi zilisimama. Dawa ilipojaribiwa kwa wanyama kama sindano ya mshipani, iliganda. Ilipotengenezwa kidonge, kulikuwa na hofu kwamba itaharibu ini. Tena wapo waliopiga hesabu na kuona kwamba wagonjwa wa lukemia hii ni wachache mno kuweza kurudisha gharama. Druker aliendelea kuomba, kupiga simu, kusafiri na kusihi, akieleza kwamba wagonjwa wake hawana muda. Mwanamke mjane wa Luka 18 angelitambua jambo hilo.

Majaribio kwa binadamu yalianza mwezi Juni 1998, Portland kwa Druker, Los Angeles kwa Charles Sawyers na Houston kwa Moshe Talpaz. Walianza na kipimo kidogo sana, wakakiongeza hatua kwa hatua. Wagonjwa walikuwa wale ambao intaferoni imeshindwa kuwasaidia. Kipimo kilipofika miligramu 300 kwa siku, wagonjwa 53 kati ya 54 damu yao ilirudi katika hali ya kawaida. Watu waliokuwa wamekwisha kupanga mambo ya mazishi yao wakarudi kazini. Habari zikaenea kwa njia ya intaneti, na mwaka 1999 mgonjwa mmoja wa Kanada akaanzisha ombi lililotiwa sahihi na watu zaidi ya 3,000, likapelekwa kwa mkuu wa Novartis kumsihi aongeze utengenezaji wa dawa. Kampuni ikaongeza. Tarehe 10 Mei 2001 serikali ya Marekani iliidhinisha imatinibu, baada ya uchunguzi uliochukua muda mfupi kuliko kawaida. Wagonjwa walioanza na dawa hii katika utafiti mkubwa uliofuata walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 10, na katika kila 100, takriban 83 walikuwa hai baada ya miaka hiyo 10.

Tangu Bennett na Virchow hadi siku ile ya mwaka 2001 ilipita miaka 156. Historia hii haitudai tuamini kwamba kila aliyeshiriki alikuwa mtu wa sala. Mungu huwanyeshea mvua wote, na akili ya kutafuta ni zawadi yake hata kwa asiyejua kumshukuru. Sisi tunaojua ndio wenye deni la shukrani.

Mwanamke aliyemaliza mali yake

Marko, anapotusimulia habari za mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, hakuona aibu kuandika habari za fedha. Anatuambia kwamba mwanamke yule alikuwa amewaendea matabibu wengi na kuvimaliza vyote alivyokuwa navyo. Injili inajua kwamba ugonjwa una bei, na bei hiyo ni sehemu ya mateso.

Imatinibu ilipotoka, bei yake Marekani ilikuwa zaidi ya dola 2,000 kwa mwezi. Dawa ilikuwapo, lakini kwa mkulima wa Afrika ilikuwa kama haipo. Mwaka 2002 Novartis ilianzisha mpango wa kuwapa dawa hiyo bure wagonjwa wa nchi zenye kipato kidogo, ikishirikiana na shirika la Max Foundation. Shirika hilo lilianzishwa Marekani mwaka 1997 kwa kumbukumbu ya Max, kijana wa Argentina aliyekufa kwa lukemia hii mwaka 1991 akiwa na miaka 17. Waliobaki na huzuni ya kumpoteza waliigeuza ikawa huduma kwa watoto wa watu wengine. Mpango ule ulifika nchi zaidi ya 80, za kwetu Afrika Mashariki zikiwamo. Jijini Nairobi, kwa mfano, wagonjwa waliosajiliwa walihudumiwa katika Hospitali ya Nairobi na kupewa dawa bila malipo.

Lakini hisani peke yake si haki. Bei huko Marekani haikushuka. Ilipanda mwaka baada ya mwaka, hata ikakaribia mara tatu ya ile ya mwanzo. Mwaka 2013 wataalamu zaidi ya 100 wa ugonjwa huu, Druker mwenyewe akiwa mmoja wao, waliandika kwa pamoja kwamba bei za dawa hizi zimekuwa za juu mno, na kwamba ni wajibu wa tabibu kumtetea mgonjwa hata katika jambo hilo. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ya rufaa ya India iliikatalia Novartis hataza iliyoiomba, na viwanda vya India vikaendelea kutengeneza imatinibu ya bei nafuu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hii katika orodha ya dawa muhimu. Kwa sisi ambao dawa zetu nyingi hutoka India, maamuzi hayo hayakuwa mambo ya mbali.

Kanisa linapowaombea wagonjwa lina sababu ya kuwakumbuka katika sala zake pia wale wanaopanga bei, wanaotunga sheria na wanaosimamia bima. Amosi na Isaya wangetaka hivyo.

Mana ya kila asubuhi

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalotugusa kwa karibu. Imatinibu haimalizi ugonjwa kwa dozi moja. Inaifunga koki, na koki hiyo lazima ishikwe kila siku. Kidonge humezwa pamoja na chakula na maji ya kutosha, leo, kesho na keshokutwa, mtu akiwa mgonjwa au akijisikia mzima kabisa. Kinaweza kuleta kichefuchefu, misuli kukaza, uvimbe kuzunguka macho. Mgonjwa akiruka siku kwa mazoea, seli mbaya hupata nafasi, na nyingine hujifunza kuikwepa dawa. Zipo dawa za kizazi cha pili zilizotengenezwa kwa ajili ya hali hiyo, kama dasatinibu na nilotinibu, lakini kuzipata ni kugumu zaidi.

Waisraeli jangwani walipewa mana ya siku moja tu. Aliyejiwekea ya kesho aliikuta imeoza, na aliyelala bila kuokota alibaki na njaa. Muujiza ulikuwa wa Mungu, lakini kuinama na kuokota ilikuwa kazi ya kila nyumba, kila asubuhi. Hakuna aliyesema kwamba kuinama ni kukosa imani.

Ni kweli kwamba baadhi ya wagonjwa wanaweza kuacha dawa. Utafiti uliofanyika Ufaransa na kutangazwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa ambao kwa angalau miaka miwili vipimo makini havikuona tena alama ya ugonjwa, karibu 4 kati ya 10 waliacha imatinibu bila ugonjwa kurudi katika mwaka uliofuata. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini tazama jinsi lilivyofanyika: waliacha chini ya macho ya daktari, wakapimwa damu mara kwa mara, na wale ambao ugonjwa ulionyesha dalili ya kurudi walirudishiwa dawa mara moja. Kipimo chenyewe si kitu cha kigeni kwetu. Mashine ya GeneXpert, ambayo wengi wanaijua kwa kupima kifua kikuu, inaweza kwa kifaa chake maalumu kupima pia alama ya lukemia hii.

Basi mtu akisimama mbele ya usharika na kushuhudia kwamba ameombewa na amepona, tumsikilize kwa furaha, kisha tumsaidie arudi kupima. Bwana Yesu alipowatakasa wenye ukoma aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, waliokuwa wapimaji wa siku zile. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa. Anayemwambia mgonjwa atupe vidonge vyake kabla ya kipimo anauweka rehani uhai usio wake.

Ziko kazi ndogo ambazo usharika unaweza kuzifanya bila kuwa na daktari hata mmoja. Mgonjwa wa mbali anahitaji nauli ya kwenda kliniki. Anahitaji mtu wa kumkumbusha saa ya dawa bila kumfokea, na jirani wa kumpikia uji siku ambayo kichefuchefu kimemzidi. Anayekonda na kutokwa na jasho usiku, ambaye dawa za malaria hazimsaidii, anahitaji mtu wa kumwambia akapimwe damu kamili badala ya kumnong'ona kwamba amerogwa. Na yule aliyeshindwa kununua dawa anahitaji kanisa litakalouliza, kwa niaba yake, ni mpango gani wa msaada unapatikana katika hospitali ya rufaa.

Isaya aliagiza tini, lakini kuna watu wa nyumba ya mfalme walioziokota, wakaziponda na kuziweka juu ya jipu. Maandiko hayakuwataja majina. Miaka 15 ya Hezekia ilitoka kwa Mungu, nayo ilipitia mikononi mwao.